Kanda Hazikufa 2025, Kinachokufa ni Deki

Mwaka 2025 umepita na kanda za video zilizorundikwa makabatini bado zipo. Kwa wanaofuatilia mambo ya uhifadhi, hilo limezua maneno. Mwaka 2015 Hifadhi ya Taifa ya Filamu na Sauti ya Australia ilitoa waraka ulioonya kwamba kanda zitakazofika 2025 bila kuhamishiwa kwenye mfumo wa dijitali, nyingi zitapotea moja kwa moja. Mwaka 2019 UNESCO, kwa ushirikiano na jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti na video, IASA, ikapiga mbiu hiyohiyo kwa dunia nzima. Tarehe imefika, imepita, na watu wamegawanyika. Wapo wanaocheka kwamba tulitishiwa nyau, maana wameingiza kaseti ya harusi ya wazazi wao kwenye deki na picha ikatokea. Wapo waliokata tamaa, wanaosema muda umekwisha, basi masanduku yatupwe. Makundi haya yanapingana lakini kosa lao ni moja: yote mawili yamedhani 2025 ilikuwa tarehe ya kuharibika kwa kanda, kama ile inayopigwa kwenye kisanduku cha dawa.

Onyo lile halikuhusu kanda peke yake. Uzito wake ulikuwa kwenye mashine za kuzisoma, vipuri vya mashine hizo, na mafundi wanaojua kuzifufua. Ukilielewa hivyo, mpango mzima wa kuokoa kumbukumbu za familia unapinduka. Wengi huanza na kile kikuukuu kuliko vyote, kwa kawaida picha za babu zilizopauka, kwa kuwa kwa macho zinaonekana ziko mahututi. Mimi nasema tuanze na kile kinachohitaji mashine ambayo hakuna kiwanda kinachoitengeneza tena, hata kama kilirekodiwa juzijuzi. Kwa kipimo hicho, kanda ya mwaka 1998 iko hatarini kuliko picha ya mwaka 1928.

Sababu iko katika namna kila kitu kinavyosomwa. Picha ya karatasi haihitaji zaidi ya mwanga na jicho. Filamu nayo, iwe ya milimita 8 ambayo Kodak iliianzisha 1932 au Super 8 iliyokuja 1965, ukiinyanyua dirishani unaona fremu moja moja: mtoto, mbwa, gari. Projekta zote duniani zikifa kesho, mtu mwenye kamera nzuri na subira anaweza kuipiga picha fremu kwa fremu na kuirudishia mwendo wake, na wapo wanaofanya hivyo kwa mashine walizojiundia wenyewe. Kanda ya sumaku ni habari nyingine. Inyanyue dirishani, huoni kitu ila utepe wa kahawia. Picha imo katika chembe za oksidi ya chuma zilizoshikwa kwa gundi juu ya plastiki ya poliesta, na kuisoma kunahitaji hedi, yaani vichwa vya kusomea, ndogo mno zilizofungwa kwenye silinda inayozunguka mara 25 au 30 kwa sekunde, zikipita kimshazari juu ya njia nyembamba kuliko unywele. Hedi hizo hazichongwi gereji. VHS, mfumo wa kaseti za video za nyumbani, ilizaliwa Japani 1976. Kampuni ya mwisho iliyojulikana kutengeneza deki zake, Funai, ilisimamisha kazi Julai 2016, ikieleza kwamba vipuri vimekuwa adimu. Tangu hapo deki zilizopo ni zilezile za zamani zinazopita mkono hadi mkono. Hedi zinalika kila zinapozunguka, na raba za kuvutia kanda zinakakamaa hata mashine ikiwa imefungiwa kabatini.

Kaseti za sauti, ambazo Philips ilizitoa 1963, zina nafuu. Hedi yake imetulia mahali pamoja, ufundi wake ni mwepesi, na vichezeo vipya bado vinauzwa, ingawa vingi ni vya kubahatisha. Kwa hiyo mtu akiniuliza aanze na sauti ya bibi au video ya harusi, nitamwambia aanze na video.

Kundi linalonitia wasiwasi zaidi ni lile ambalo watu hawaliwazii kabisa: vikaseti vya MiniDV, vilivyoingia sokoni 1995 na kutawala kamera za nyumbani kwa takriban muongo mmoja. Vilikuwa vya dijitali tangu mwanzo, na jambo hilo limewalaza wenyewe usingizi. Mtu anaona kwa kuwa data imeshaandikwa kwa tarakimu, hana haja ya haraka. Ukweli ni kinyume. Tarakimu hizo zimeandikwa kwenye utepe wa sumaku wenye upana wa milimita 6 na ushei, zikiwa zimebanana kuliko chochote kilichomo kwenye VHS, na kuzisoma kunahitaji kamera ya zama zile, waya wa FireWire na kompyuta yenye tundu la waya huo, tundu ambalo kompyuta za leo hazinalo. Tena kanda ya analogi, yaani isiyoandikwa kwa tarakimu, kama VHS, huharibika kwa adabu: rangi inapauka, chenga zinaongezeka, lakini sura bado unaitambua. MiniDV haina adabu hiyo. Makosa yakizidi uwezo wa mashine kuyasahihisha, picha inavunjika vipande vya mraba na sauti inakatika papo hapo. Faraja ni kwamba ikisomeka, hakuna kinachopotea, maana kinachohamishwa ni tarakimu zilezile, kiasi cha gigabaiti 13 kwa saa moja ya video. Anayeiunganisha kamera hiyo kwa waya wa analogi na kuirekodi upya anatupa ubora bila sababu, na nimeona kazi za namna hiyo zikifanywa na watu wanaolipwa.

Kuna hoja nzito ya upande wa pili: kwamba kanda zenyewe zinakufa, deki iwepo isiwepo. Ni kweli. Gundi ya poliyurethani iliyotumika katika baadhi ya kanda za miaka ya 1970 na 1980 hunyonya unyevu wa hewani na kumumunyuka. Kanda inanata, inapiga kelele ikipita kwenye hedi, na inaacha uchafu wa kahawia. Studio huzioka kanda za aina hiyo kwa saa kadhaa kwenye joto la nyuzi 50 hivi za Selsiasi, zikatulia kwa muda unaotosha kunakiliwa. (Hiyo si kazi ya jiko la nyumbani, na si kila kanda inafaa kuokwa; asijaribu mtu.) Filamu nazo zina maradhi yake. Zile za asetati, ambazo ndizo filamu nyingi za nyumbani za zamani, zikikaa kwenye joto na unyevu hutoa asidi ya asetiki. Ukifungua kopo, harufu ya siki inakupiga usoni. Filamu inasinyaa, inajikunja, na asidi iliyokwisha kutoka inaharakisha kutoka kwa nyingine. Wahifadhi huweka ndani ya kopo vipande vya karatasi vinavyogeuka kutoka buluu kwenda kijani hadi manjano kadiri ugonjwa unavyokolea. Picha za rangi nazo zinapoteza rangi hata gizani, ndiyo maana albamu nyingi za miaka ya 1970 zimegeuka nyekundunyekundu.

Pamoja na hayo yote, hoja ya kemia haiangushi hoja ya mashine. Maradhi ya kemia yanapunguzwa kasi kwa ubaridi na ukavu. Filamu iliyoanza kunuka siki, ikiwekwa kwenye baridi kali, inaweza kungoja miaka mingi hadi mwenyewe apate nafasi na fedha. Soko la vipuri haliwekwi kwenye jokofu. Kila mwaka unaopita, deki zinazofanya kazi zinapungua, bei ya huduma inapanda, na anayejua kuirekebisha mashine anakuwa ameshastaafu. Hapo ndipo kundi linalocheka linapokosea: kaseti yao kusoma leo ni habari njema kuhusu kaseti ile na deki ile, na haisemi lolote kuhusu miaka mitano ijayo. Kundi lililokata tamaa linakosea zaidi, kwa kuwa kanda nyingi zilizotunzwa pakavu bado zina kila kitu ndani yake.

Kosa la tatu ni la wenye bidii. Hao wamehamisha kila kitu, wakashukuru Mungu, wakatupa vya asili. Hoja yao ni kwamba nakala ya dijitali haichakai, basi sanduku la nini? Iangalie kwa historia yake yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyumba nyingi zilihamishia kanda zao kwenye DVD, ambayo huibana video kiasi cha kuacha vijimraba kwenye sehemu zenye mwendo. Filamu zilionyeshwa ukutani na kurekodiwa kwa kamera ya video, fremu zikipepesa na pembe zikififia. Wakati ule ndiyo ilikuwa kazi nzuri. Leo skana husoma filamu fremu kwa fremu, na kinachotoka kwenye Super 8 ileile kinawashangaza hata waliokuwepo siku ya kurekodi. Aliyetunza filamu anaifaidi teknolojia mpya. Aliyeitupa amebaki na kivuli chake cha mwaka 2003. NASA yenyewe ilikiri mwaka 2009 kwamba kanda za awali za ishara ya video ya kutua mwezini 1969, zenye ubora kuliko ulioonekana kwenye televisheni, inaelekea zilifutwa na kurekodiwa juu yake mambo mengine. Nakala za matangazo zilikuwepo, kwa hiyo za awali hazikuonekana na kazi.

Mfano wa kinyume ni mtamu zaidi. Mwaka 1860 Mfaransa Édouard-Léon Scott de Martinville alichora mawimbi ya sauti ya mtu akiimba kwenye karatasi iliyopakwa masizi. Hakuwa na njia ya kuisikiliza sauti hiyo. Alitaka aione tu. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichukua picha za kidijitali za karatasi hiyo, wakazipitisha kwenye kompyuta, na wimbo ukasikika, miaka 148 baada ya kuimbwa. Laiti mtu angeinakili michoro ile kwa mkono na kutupa karatasi, kisingebaki cha kusikilizwa. Kwa hiyo ushauri wangu kwa filamu, negativu na picha ni usitupe, nafasi ikiruhusu. Kwa kanda nalegeza kidogo, kwa sababu ileile ya deki: kanda iliyonakiliwa vizuri, katika dunia isiyo na mashine ya kuisoma, thamani yake inapungua kila mwaka.

Sasa imeingia hoja mpya, na ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba ubora wa nakala si tatizo tena kwa kuwa akili mnemba itarekebisha. Programu hizi zinapendeza, sikatai. Picha iliyofifia inarudi na macho maangavu, ngozi laini, hata rangi ambazo hazikuwemo. Lakini programu haijui sura ya bibi yako. Imefunzwa kwa mamilioni ya nyuso za watu wengine, na pale ambapo picha haina taarifa inajaza kile ambacho nyuso hizo kwa kawaida huwa nacho. Meno unayoyaona si yake. Kovu dogo kwenye paji la uso, ambalo wajukuu wangelitambua, linafutwa kama uchafu. Anayetaka picha ya kutundika ukutani na afanye, mradi faili ambalo halijaguswa libaki pembeni na lililorembeshwa liandikwe hivyo waziwazi. Kinyume chake, atakayeskani kwa ubora duni leo kwa kutegemea kwamba mashine itaongeza kesho, atakuwa amewaachia wanawe kisio mahali pa ushahidi.

Hoja ninayoiheshimu ni ya uchovu: nani ataangalia saa 80 za video? Watoto waliorekodiwa wenyewe hawana hamu. Wahifadhi wa kazi nao huchagua, na hakuna hifadhi inayopokea kila kitu. Nakubali kabisa kuhusu picha mnato. Zimwage mezani, toa zilizotoka ukungu na zile 12 za keki moja, skani zinazobaki kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) na maisha yaendelee. Kanda haiwezi kuchaguliwa hivyo, kwa kuwa hujui kilichomo mpaka uicheze, na kila kuicheza ni kuichakaza na kuichakaza deki pia. Busara ni kuicheza mara moja tu, huku unarekodi, kisha uchague kwenye faili. Maandishi ya juu hayaaminiki; chini ya lebo ya sherehe moja mara nyingi kuna dakika za mwisho za kitu kingine kabisa, kamera ikiwa imeachwa mezani na wazee wanaongea.

Na anayerekodi mara nyingi si hakimu mzuri wa thamani ya alichorekodi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Dave Tatsuno, mmoja wa Wamarekani wenye asili ya Japani waliofungiwa katika kambi ya Topaz, Utah, alikuwa na kamera ya milimita 8 iliyoingizwa kwa siri. Alirekodi mambo ya kawaida ya familia na majirani: theluji, watoto, watu wakitoka kanisani. Mwaka 1996 filamu hizo za nyumbani ziliingizwa katika Orodha ya Taifa ya Filamu ya Marekani, kwa kuwa maisha ya ndani ya kambi hizo hayakuwa na mashahidi wengi wa rangi na mwendo. Hangeweza kujua hilo alipokuwa akibonyeza.

Ukishahamisha, kazi inabadilika sura tu. Kwa sauti, wataalamu wa IASA wanataka faili la WAV, lisilobanwa, la angalau kHz 48 na biti 24 (vipimo vya jinsi sauti inavyonaswa kwa undani), na kHz 96 ikiwezekana, ambayo hula gigabaiti 2 hivi kwa saa ya stirio. Kwa video ya analogi, hifadhi kubwa zimeuelekea mfumo wa FFV1, unaobana video bila kupoteza chochote. Nakala ndogo ya MP4 ni ya kutazama na kutumiana. Hayo yanajifunzika kwa wiki moja. Kigumu ni kubaki nayo. Mwaka 2015 Vint Cerf, mmoja wa waasisi wa intaneti, alionya juu ya zama za giza za kidijitali, ambamo mafaili yetu hayatakuwa na programu ya kuyafungua, akashauri watu wachapishe picha wanazozithamini. Ushauri mzuri, lakini nadhani hatari aliyoitaja si kubwa kuliko nyingine. JPEG ya miaka ya 1990 inafunguka leo kwenye simu yoyote. Kinachopoteza mafaili ya familia ni kukosa mwenyewe. Mwaka 2019 MySpace ilitangaza kuwa muziki, picha na video zilizopandishwa zaidi ya miaka mitatu nyuma zimepotea wakati wa kuhamisha seva. Tangu Desemba 2023 Google imejipa ruhusa ya kufuta akaunti binafsi zisizotumika kwa miaka miwili. Fikiria maana yake: mzee aliyepanga albamu nzima mtandaoni akifariki, na hakuna anayejua nywila, saa inaanza kuhesabu siku ya mazishi.

Ndiyo maana kanuni aliyoieneza mpigapicha Peter Krogh bado haijapata mpinzani: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na nyumba. Ningeongeza mtu wa pili mwenye funguo zote, aliye mdogo kwa umri kuliko wa kwanza. Flashi iliyosahauliwa kwenye droo haihesabiki kuwa nakala, kwa kuwa chaji inayoshika data huvuja polepole ikikaa miaka bila umeme, na diski za kuandikia nyumbani zina rangi ya kemikali inayofifia. Na mafaili yapewe majina. Picha iskaniwe pande zote mbili, kwa kuwa nyuma ndiko kulikoandikwa nani ni nani. Pasipoandikwa, mweke mzee mbele ya skrini, washa kinasa sauti, mwache ataje.

Yote haya yanapofika kwa familia ya kawaida yanagonga ukuta mmoja: hakuna sababu ya kila nyumba kumiliki deki nzuri, kifaa cha kutuliza ishara, kamera ya MiniDV na kompyuta ya zamani yenye FireWire, kwa kazi ya mwezi mmoja. Mwaka 2016 maktaba ya umma ya Washington, D.C. ilifungua chumba ambamo mtu huja na kanda zake na kuzihamisha mwenyewe bila malipo, na maktaba nyingine za Marekani zikafuata. Naona huo ndio mwelekeo sahihi kuliko kuwasukuma watu kwenye maduka ya kuhamisha, mengine mazuri na mengine ya kutupa. Pingamizi lipo: deki ya wengi huchakaa haraka kuliko ya mmoja. Ni kweli, na ndiyo sababu chumba cha namna hiyo bila fundi hufa baada ya miaka michache. Waliojifunza kazi hii viwandani na kwenye vituo vya televisheni vya miaka ya 1980 wanastaafu, na ujuzi wa kurekebisha njia ya kanda, kupima mvutano wake na kuiokoa kanda iliyoliwa na mashine hausomwi wote kitabuni. Taasisi yenye bajeti ya kununua skana mpya mwaka huu ingefanya vyema kuiahirisha skana, ambayo mwakani itakuwa bora na rahisi zaidi, na fedha hizo kumlipa fundi mzee mmoja na vijana wawili wa kukaa pembeni yake.